UZI: Fildi ya ujenzi – nini cha kupima, kuandika na kuuliza ukiwa saiti

#1 Jamvi Bichi

Wadau, msimu wa fildi huo umefika. Mafunzo kwa vitendo wengine wanayaita PT, wengine IPT, mtaani ni fildi tu. Vijana wa sivili, majengo, upimaji na ukadiriaji wanaingia saiti kwa wiki nane, kumi, kutegemea chuo, na wengi wanatoka na logibuku (daftari la kazi za kila siku) lililojaa sentensi ya aina moja: "Leo tulimwaga zege la nguzo, nikajifunza namna ya kumwaga zege." Msimamizi wa chuo akisoma hapo hana cha kuuliza wala hana sababu ya kukupa maksi.

Logibuku linalosomeka lina namba. Nguzo ngapi, za kipimo gani, mifuko mingapi ya saruji imekwenda, slampu (kipimo cha ulaini wa zege) ilisoma ngapi, kazi ilianza saa ngapi, ilisimama kwa nini. Uzi huu ni wa namba hizo. Wenye fani zao (nondo, levo yaani kupima vimo, barabara) naomba mshuke hapo chini.

Vifaa kwanza, kwa ufupi. Futi ya mita 5, kikokotoo, rula ya skeli, daftari dogo la mfukoni na penseli, maana wino ukikutana na mvua au jasho kurasa zinakuwa ramani. Helmeti, rifleksa na buti zenye chuma mbele. Saiti zingine zinatoa, nyingi hazitoi. Wanufaika wa HESLB (Bodi ya Mikopo) wana fungu la mafunzo kwa vitendo, ila usilipigie hesabu ya buti, nunua mapema. Barua ya chuo iwe na nakala tatu: ofisini, kwa foremani, na yako.

Ukifika, omba michoro kabla hujaomba kazi. Kuna ya msanifu, ya miundo, na ya maji na umeme. Zifungue pamoja, chagua gridi moja (makutano ya mistari ya mchoro), tuseme B2, kisha ifuatilie gridi hiyo hadi siku ya mwisho: shimo lake lilichimbwa kina gani, kitako chake (msingi wa nguzo) kina nondo zipi, nguzo yake inapandaje, bimu gani zinakutana juu yake. Mwanafunzi aliyefuata nguzo moja toka chini hadi juu anaelewa jengo kuliko aliyezurura saiti nzima. Na utakuta michoro inagombana. Msanifu kaweka dirisha pale ambapo wa miundo kaweka nguzo. Ukiona hivyo mwambie mhandisi wa saiti, usimwambie fundi.

Sasa zege, maana ndiko mwanafunzi anakopelekwa siku ya kwanza.

Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35. Ndiyo maana boksi la kupimia zege hutengenezwa kwa vipimo vya ndani vya mm 400 x 350 x 250. Zidisha, unapata lita 35 kamili. Kwa resho ya 1:2:4 ni mfuko mmoja, maboksi mawili ya mchanga, manne ya kokoto. Mita moja ya ujazo ya zege hilo inakula takriban mifuko 6.3 ya saruji, mchanga mita 0.44 na kokoto mita 0.88. Unaona jumla inazidi moja? Ni kwa sababu vitu vikavu vina hewa katikati. Vikichanganywa na maji vinajipanga na kupungua. Ndipo inapotoka ile 1.54 ya darasani, yaani ujazo wa vitu vikavu kwa mita moja ya zege.

Zoezi la kwanza la logibuku: nguzo 12 za mm 230 x 230, urefu mita 3. Ujazo wake ni mita 1.90, mifuko 12. Simama uhesabu mifuko iliyochanwa. Ukikuta 14 au 15, usikimbilie kusema wameiba. Pima nguzo baada ya kufungua vibao (mbao za kuumbia zege). Kibao kikivimba mm 10 kila upande, nguzo inakuwa 250 x 250, na zege linaongezeka kwa asilimia 18. Hiyo peke yake ni mifuko miwili. Vibao huvimba kwa sababu klampu zimewekwa mbalimbali kule chini, ambako msukumo wa zege bichi ni mkubwa kuliko juu. Hapo umeshapata ukurasa mzima wa ripoti, na hujanakili kitabu.

Maji. Kwa mfuko mmoja, lita 25 hadi 27 zinatosha zege la kawaida, na hizo ni pamoja na maji yaliyomo kwenye mchanga. Maboksi mawili ya mchanga ni kama kilo 105 ukiwa mkavu. Ukiwa na unyevu wa asilimia 5 tayari una lita 5 za maji ndani yake. Kwa hiyo unaongeza 20, huongezi 25. Fundi hapendi zege gumu kwa sababu linachosha, ataongeza ndoo kimyakimya. Lita 5 za ziada kwa mfuko zinashusha nguvu ya zege kwa moja ya tano au zaidi. Andika maji kwenye daftari kila bachi.

Slampu: koni ya mm 300 kwenda juu, chini mm 200, juu mm 100. Lowesha ndani, iweke juu ya bamba tambarare, kanyaga masikio yake. Jaza mara tatu, kila safu choma mara 25 kwa fimbo ya mm 16, safu ya juu fimbo iingie kidogo tu katika ile ya chini. Sawazisha, futa zege lililomwagika pembeni, inua wima kwa sekunde 2 hadi 5 bila kuzungusha. Geuza koni, weka fimbo juu yake, pima zege limeshuka kiasi gani. Likikatika na kuteleza upande, hicho si kipimo, rudia. Likikatika tena, mchanga ni mchache au zege halina mshikamano, na hilo nalo liandikwe.

#2 Bint Saruji

Mkuu uzi mzuri, naweka kambi hapa. Ila hayo maboksi yako saiti za wakandarasi wakubwa. Huku kwingine kuna ndoo, makarai na toroli. Mwanafunzi afanyeje?

#3 Jamvi Bichi

Dada Bint, ndoo ya lita 20 inafanya kazi vizuri tu kama imejazwa hadi ukingoni na kukatwa kwa ubao. Mfuko mmoja ni ndoo 1.75. Kwa 1:2:4 unahitaji ndoo 3.5 za mchanga na 7 za kokoto. Shida ni mlima: ndoo yenye kilele na ndoo iliyokatwa hazilingani, na kadiri siku inavyoenda kilele kinakua au kinapotea kutegemea nani anajaza.

Toroli usiliamini kwa macho. Chukua ndoo yako, lijaze toroli la saiti yenu, hesabu limebeba ndoo ngapi likiwa sawa na likiwa na mlima. Kila toroli lina jibu lake. Kisha piga alama ya rangi ndani. Kazi ya dakika kumi, na foremani atakukumbuka.

Mchanga mbichi unadanganya kuliko ndoo. Chembe zenye utando wa maji zinasukumana na mchanga unaumuka. Pima hivi: weka mchanga wenye unyevu kwenye chombo cha kuta zilizonyooka hadi mm 200, mimina maji hadi uzame, koroga, acha utulie. Ukishuka hadi mm 160, umeumuka kwa asilimia 25. Maana yake maboksi mawili ya siku hiyo yana mchanga wa boksi moja na kitu. Unatakiwa kuweka 2.5. Zege la asubuhi baada ya mvua ya usiku mara nyingi hutoka na kokoto nyingi na mapengo kwa sababu hii, watu wakasingizia vaibreta (mashine ya kutetemesha zege lishindiliwe).

#4 Saidia Fundi

Nakazia la vaibreta. Wanafunzi wanalipenda kulishika, sawa, lakini lina masharti. Zamisha wima, acha sekunde 10 hadi 15 mpaka mapovu makubwa yaishe, toa polepole ili tundu lijifunge. Likitolewa kwa kasi linaacha bomba la hewa. Hatua hadi hatua nyingine isizidi mara nane hadi kumi ya kipenyo cha kichwa chake. Usilitumie kusukuma zege kwenda mbele. Linasukuma mota (uji wa saruji na mchanga), kokoto inabaki nyuma. Na usiliegemeze kwenye nondo za nguzo ambayo zege lake la chini lilishaanza kushika.

Kabla ya kumwaga slabu hakikisha mafuta ya mikisa na ya vaibreta yapo, na vaibreta la akiba. Mikisa ikizima katikati, zege lililotangulia linashika, na lile jipya halishikamani nalo. Maji ya mvua yatapita hapo miaka yote. Ikilazimu kusimama, mhandisi ndiye anachagua mahali, na ukingo unakatwa wima kwa ubao, hauachwi ukiwa mteremko.

Halafu hili la kukaa kivulini na simu. Fundi hakufundishi kitu kama hujawahi kumshikia hata kamba.

#5 Nondo 16

Nashuka na nondo.

Kipimo cha kwanza ni mzani. Uzito wa mita moja kwa kilo ni kipenyo mara kipenyo gawanya kwa 162. mm 8 ni 0.395, mm 10 ni 0.617, mm 12 ni 0.888, mm 16 ni 1.58. Kata mita moja ya kila shehena, pima. Nondo inayoitwa 12 ikisoma 0.75, hiyo ni kama 11 iliyovaa jina la mkubwa wake. Eneo la chuma limepungua kwa asilimia 15 na ushee, na mhandisi aliyechora hajui. Futi au kalipa havitoshi kwa sababu ya yale matuta ya ubavuni. Mzani ndio hakimu. Pima pia urefu, usidhani kila nondo ina mita 12.

Jedwali la kukata na kukunja, BBS, jifunze kulitengeneza mwenyewe, usisubiri la ofisini. Mfano wa ringi (nondo nyembamba inayozunguka nondo kuu): nguzo ya 230 x 230, kava (zege linalofunika chuma) mm 30, ringi ya mm 8. Nje kwa nje ringi ni 170 x 170. Kwa kanuni ya zamani ya Uingereza, BS 4466, ambayo bado iko vichwani mwa mafundi wengi, urefu wa kukata ni 2(A+B) + 20d, A na B zikiwa pande za ringi na d kipenyo cha nondo yake. Yaani 680 + 160 = mm 840. Nondo ya mita 12 inatoa ringi 14, kinabaki kipande cha mm 240. Nguzo ya mita 3 kwa nafasi ya 150 inakula ringi 21. Nguzo 12 ni ringi 252, gawanya kwa 14, nondo 18 kamili. Uzito kama kilo 85. Waya wa kufungia weka kilo 8 hadi 10 kwa tani ya nondo.

Sasa angalia nafasi. Kwa BS 8110 (kanuni ya zamani ya Uingereza ya zege), ringi za nguzo hazizidi mara 12 ya kipenyo cha nondo kuu ndogo kabisa. Nondo kuu ikiwa 16, mwisho ni mm 192. Ikiwa 12, mwisho ni mm 144. Michoro ya nyumba za kawaida imejaa "R8-200" (ringi za mm 8 kila mm 200) kwenye nguzo za nondo 12. Ukiiona, uliza kwa adabu. Labda mhandisi ana sababu, labda alinakili mchoro wa mwaka juzi.

Mambo ya kukagua kabla ya kufunga vibao vya nguzo: ncha za ringi zimekunjwa kuingia ndani na zimezungushwa zisikae kona moja zote, biskuti (vipande vya kutenga nondo na kibao ili kava ipatikane) zipo pande nne, nondo za kusubiria (zilizoachwa kitakoni ili nguzo iungwe nazo) ziko kwenye mstari. Zikiwa zimehama, fundi atazipinda kwa bomba mpaka ziingie, na pinda hilo la ghafla likiwa juu kidogo ya jamvi ni ugonjwa. Zinahama kwa sababu kitakoni hazikufungwa ringi hata mbili za kuzishika wakati wa kumwaga.

#6 Mtaa wa Pili

Mkuu Nondo, hizo biskuti zitengenezwe kwa resho gani? Kuna saiti wanaweka vipande vya kokoto au vigae.

#7 Nondo 16

Kokoto inateleza, kigae kinapasuka na kunyonya maji. Biskuti iwe ya mchanga na saruji 1:2 au zege lenyewe, ina waya katikati, imwagiliwe kabla ya kutumika. Unene ufuate mchoro: kawaida slabu mm 20 hadi 25, bimu 25 hadi 30, nguzo 30 hadi 40, kitako 50 juu ya zege la kulalia (tabaka jembamba la zege chini ya msingi). Pwani ongeza; chumvi ya Dar, Tanga na Zanzibar haina mzaha na nondo. Andaa mapema, maana siku ya kumwaga ukiuliza biskuti utaletewa kokoto.

Kuungia (urefu ambao nondo mbili zinapandana): kama mchoro haukusema, mara 40 ya kipenyo ndiyo namba ya kuanzia mazungumzo. mm 12 ni 480, mm 16 ni 640. Zisiungiwe zote sehemu moja.

#8 Dampi Levo

Mmesahau kabla ya nondo kuna kupanga jengo chini.

Pembe mraba kwa 3-4-5 (pembetatu ya pande 3, 4 na 5) kila mtu anaijua, ila wengi wanaipima kwa mita 3, 4, 5 halafu wanavuta kamba ya mita 20. Kosa la mm 5 kwenye mita 4 linakuwa mm 25 kule mwisho. Tumia 6-8-10, na ukimaliza pima mishazari ya jengo zima. Jengo la 12 x 9, mshazari ni mita 15.000. Mishazari miwili isipolingana jengo limelala upande, hata kama kila ubavu una urefu sahihi. Futi ndefu ivutwe, isibembee. Profaili (vigingi na mbao za kushikia kamba) zikae mita moja hadi moja na nusu kutoka ukingo wa mtaro ili wachimbaji wasizing'oe na udongo wao.

Levo sasa. BM (alama yenye kimo kinachojulikana) ni 100.000, stafu (rula ndefu ya kusimamisha) juu yake inasoma 1.425, urefu wa mstari wa darubini ni 101.425. Mchoro unataka chini ya msingi iwe 98.900. Toa: stafu mtaroni isome 2.525. Ikisoma 2.480, bado mm 45 za kuchimba. Kumbuka kusoma kudogo ni sehemu ya juu. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanageuza na mtaro unachimbwa kupita kiasi. Kina kilichopitiliza hakirudishwi kwa udongo uliotoka mtaroni, kinajazwa zege la kulalia, na zege hilo lina bei.

Ukimaliza mzunguko, jumla ya kusoma kwa nyuma toa jumla ya kusoma kwa mbele lazima ilingane na kimo cha mwisho toa cha mwanzo. Isipolingana hesabu ina kosa, hata usiende kupima upya saiti. Ikilingana, bado mashine inaweza kuwa mbovu. Pima hivi: vigingi A na B, mita 50 kati yao. Simama katikati kabisa, A 1.500 na B 1.300, tofauti 0.200, hiyo ni kweli hata mashine ikiwa mbovu, kwa sababu kosa ni sawa pande zote. Sasa hamia karibu na A, tuseme unasoma A 1.612, B 1.430. Tofauti 0.182. Mashine ina kosa la mm 18 kwenye mita 50. Kama huna wa kuirekebisha, simama katikati kila mara, umbali wa nyuma na mbele ulingane.

Mshika stafu aiyumbishe taratibu mbele na nyuma, wewe chukua namba ndogo kuliko zote. Hapo ndipo ilipo wima.

#9 Maabara ya Udongo

Kwa waliopangiwa barabara, TANROADS au TARURA (wakala wa barabara wa serikali), au kwa mkandarasi: kazi yenu itakuwa kushindilia na kupima. Tafuteni miongozo miwili ya Wizara ya Ujenzi, ule wa usanifu wa tabaka za barabara wa 1999 na wa vipimo vya maabara wa 2000. G3, G7, G15 hadi G80 mnazosikia zinatoka humo. Ni madaraja ya udongo, na namba ni CBR (kipimo cha uwezo wa udongo kubeba mzigo) ya chini inayotakiwa, kwa hiyo G15 ni udongo wenye CBR isiyopungua 15 baada ya kuloweshwa siku nne.

Kipimo cha kila siku ni kile cha kumwaga mchanga kwenye shimo. Mfano wa hesabu: udongo uliotoka shimoni una gramu 3,250. Mchanga uliojaza shimo, baada ya kutoa ule wa kwenye koni, gramu 2,160, na msongamano wake 1.35. Shimo lina sentimita za ujazo 1,600. Msongamano mbichi 2.031. Unyevu asilimia 9, msongamano mkavu 1.863. Maabara walipata kilele cha 1.940, yaani msongamano mkavu wa juu kabisa wa udongo huo. Umepata asilimia 96. Ukitakiwa 95 umepita.

Inakoharibika: roli la kushindilia likitetema karibu, mchanga unajipanga zaidi ndani ya shimo, shimo linaonekana kubwa, matokeo yanashuka na mkandarasi analia. Msimamishe roli. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi kwa sababu linampendeza kila mtu: sampuli ya unyevu ikiachwa juani kabla ya kupimwa inasoma asilimia 7 badala ya 9, na hesabu ileile inatoa karibu 98. Barabara imepita kwenye karatasi tu. Sampuli iingie kwenye kopo lenye kifuniko papo hapo.

Tabaka la kumwaga liwe la unene wa mm 150 likishashindiliwa. Mkandarasi akimwaga 300 kwa mara moja, juu kutakuwa kugumu na chini kulegevu. Chimba shimo la kipimo hadi chini ya tabaka, usipime ganda.

#10 Mjengo 254

Salamu kutoka Nairobi. Huku tunaita atachment, na NITA ndiyo inasimamia mafunzo ya viwandani; wengine huitisha karatasi za bima ya ajali kabla hujaingia geti, kwa hivyo uliza chuo mapema. Hesabu zenu ni zilezile za huku, ila kokoto sisi ni balasti na nondo inaandikwa D12 ama Y12. Swali: mbona hamjasema usalama? Vijana wanaumia sana kwa mjengo.

#11 Jamvi Bichi

Haki kabisa kaka. Machache yanayowapata wanafunzi hasa:

Saruji bichi inaunguza ngozi, polepole, bila maumivu ya mwanzo. Aliyepiga magoti kwenye jamvi bichi suruali ikalowa ataona malengelenge jioni. Ikilowa, vua na uoshe kwa maji mengi saa hiyohiyo. Ikirukia jicho, maji safi kwa dakika kumi na tano au zaidi, kisha hospitali.

Mtaro unaopita mita 1.2 kwenda chini usiingie kama kuta hazijashikiliwa au kulazwa, hasa baada ya mvua na pale udongo ulipolundikwa ukingoni. Kifusi kikae mbali na ukingo angalau mita moja. Levo unaweza kusoma stafu ikiwa imeshikwa na aliye ngazini. Si lazima ukae chini ukipiga hesabu.

Nondo za kusubiria zilizosimama wazi ni mikuki; zivishwe kofia au zikunjwe. Jukwaa la mirunda lipime kwa macho: mbao zimefungwa au zimelazwa tu? Mrunda umesimama kwenye tofali bovu? Na usipite chini ya slabu siku ya kumwaga, hata kama ndiko kwenye kivuli.

OSHA (wakala wa usalama na afya kazini) wanataka eneo la kazi lisajiliwe na kuwe na boksi la huduma ya kwanza. Muulize foremani liko wapi siku ya kwanza. Jibu lake litakufundisha mengi kuhusu saiti hiyo.

#12 Bint Saruji

Kufungua vibao je? Kila fundi ana siku zake.

#13 Saidia Fundi

Kwa joto letu, vibao vya pembeni vya nguzo na bimu vinaweza kutoka baada ya muda wa saa 12 tangu kumwaga, wengi wanasubiri kesho yake. Mirunda ya slabu BS 8110 inaruhusu siku 10 kukiwa na joto la nyuzi 16 kwenda juu, ya bimu 14. Saiti nyingi zinaweka 14 na 21, na mimi siwalaumu, maana hesabu za kitabu zinadhani zege lilimwagiwa maji vizuri. Angalau siku saba, magunia yasikauke. Nyanda za juu, Mbeya, Njombe, Makete wakati wa baridi, ongeza siku.

Mirunda itolewe kuanzia katikati kwenda pembeni. Slabu ya kuning'inia, kama ya baraza, anzia ncha ya nje kurudi ukutani. Ukigeuza unaibebesha mzigo ambao haikuchorewa.

#14 Mtaa wa Pili

Swali la mwisho wakuu. Mchemraba (sampuli ya zege ya kupasuliwa maabara) wa siku 7 umetoka 14.2 na zege ni la 25, kwa nyutoni kwa milimita ya mraba. Mwanafunzi anaandika nini kwenye ripoti, na inabomolewa?

#15 Maabara ya Udongo

Anaandika 14.2. Hiyo ndiyo kazi yake, asiipambe.

Kisha atafute sababu. Siku 7 kawaida zinatoa kama theluthi mbili ya nguvu ya siku 28, kwa hiyo tulitarajia 16 hadi 17. Kwanza uzito: mchemraba wa mm 150 ulioshindiliwa vizuri una kilo 8.1 hivi. Ukiwa 7.6, tatizo linaweza kuwa aliyeutengeneza, si zege la kwenye jengo. Ujazwe kwa safu tatu za kama mm 50, kila safu mipigo 35 ya chuma cha mraba cha mm 25. Pili, ulikaa wapi? Watu wanauacha juani na moldi yake siku tatu kabla ya kuuzamisha majini. Tatu, angalia sura iliyokandamizwa kwenye mashine: ule upande wa juu, uliosawazishwa kwa mwiko, haukandamizwi, mchemraba unalazwa ubavu. Nne, rudi kwenye daftari la maji ya siku ile, kama lipo.

Hakibomolewi kitu kwa majibu ya siku 7. Subiri 28. Zikifeli nazo, mhandisi ataagiza nyundo ya kupima ugumu au kukata sampuli kwenye zege lenyewe, kisha aamue. Kwa hesabu, nguvu ya 25 ni kilonyutoni 562.5 kwenye mashine, maana uso ni milimita za mraba 22,500. Gawanya mwenyewe kila namba unayoletewa.

Na michemraba ya siku 28 iliyomwagwa wiki nne za mwisho za fildi itapasuliwa mkishaondoka. Mwachieni fundi wa maabara orodha ya alama na tarehe zenu, na namba ya simu. Ripoti ya chuo mara nyingi inakuwa bado haijakusanywa. Majibu hayo yanaingia.